Siku Nilizochomoa Waya

Jumapili, 28 Septemba

Nesi wa kliniki kanipa daftari hili. Kasema, mama, andika presha yako kila asubuhi, usitegemee kichwa. Nikamwambia kichwa changu kizima kuliko chako, wewe jana ulinisahau kwenye benchi mpaka adhuhuri. Akacheka. Mimi sikucheka. Lakini daftari nimechukua, maana lina karatasi nzuri, na nikishamaliza presha nafasi inabaki kubwa.

Shule nilisoma mpaka darasa la nne, hapa hapa Mbuya, Kampala, shule ya watoto wa askari. Kuandika najua. Anayetaka kunisahihisha akaanze na mwandiko wa madaktari.

Presha 146 kwa 88.

Leo Sumayiya ameleta mashine. Sumayiya ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu. Nimemlea tangu ana miaka mitatu, na sasa yuko chuo kikuu, digrii ya pili, mambo ya nyota. Mchana anafundisha hesabu shule ya sekondari. Mashine ni ya chuo, wamemwazima mpaka Desemba. Kompyuta nyeusi, kubwa kama sanduku la nguo, inaunguruma kama mtu mwenye mafua. Kaiweka sebuleni, pale ilipokuwa cherehani yangu. Cherehani imekwenda chumbani. Sikuulizwa.

Nilimwambia mbona isikae huko huko chuoni. Akasema huko wanafunzi kumi wanagombea mashine moja, hapa itafanya kazi peke yake bila kupumzika hata saa moja.

Bila kupumzika. Nyumbani kwangu, juu ya kilima, msimu wa mvua. Niliangalia tu zile nyaya zinavyoingia ukutani.

Jumatano, 1 Oktoba

144 kwa 90. Mvua kidogo. Hakuna radi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo nimemkalisha anieleze hiyo mashine inapika nini, maana kama inakula umeme wangu nina haki ya kujua.

Akasema vitu vyote tunavyoviona, nyota, jua, mimi, Mbuya nzima, ni sehemu ndogo tu. Kingi zaidi ni kitu wanachokiita maada ya giza. Hakionekani, hakitoi mwanga, hakishikiki, ila kina uzito, na uzito wake unavuta vitu. Nikamwambia huo ni ushirikina na mimi sitaki ushirikina sebuleni. Akasema, "Hapana, Haboba, tunakipima." Haboba ndiyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi.

Basi hicho kitu cha giza kimejikusanya mabonge mabonge, wenyewe wanayaita halo, na ndani ya mabonge ndimo galaksi zilimokaa. Kazi yake ni kujua mabonge yamekaaje. Yamesambaa ovyo, au yanafuatana? Huko juu hawezi kwenda, kwa hiyo mashine inatengeneza ulimwengu wa bandia ndani ya sanduku. Sanduku si la mbao, ni la hesabu. Unaanza karibu sawa kila mahali, unaachwa ukue, mabonge yanajitokeza, halafu mashine inayahesabu mawili mawili: hili na lile yako mbali kiasi gani, hili na lile, jozi mamilioni. Kisha anafananisha na mabonge yaliyomwagwa tu bila mpango. Jozi za karibu zikizidi zile za kumwagwa, ujue yamejikusanya, na kwa kiasi gani.

"Kama watu msibani," nikasema. "Hawakai ovyo. Kila mtu anatafuta wa kwao."

Akanitazama. "Ndiyo hivyo. Na mabonge makubwa yanakaribiana zaidi kuliko madogo."

Nikamwambia hilo halitaki mashine, wakubwa wamekaa na wakubwa siku zote, apande Kololo kwa matajiri akaone mwenyewe. Alicheka mpaka akashika meza. Muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo.

Masanduku ni kumi na mawili, kila moja siku tatu. Tarehe tano Desemba atasimama mbele ya walimu ataje namba yake. Asiposimama siku hiyo nafasi yake anapewa mwingine, na miaka miwili imekwenda. Mwalimu wake, Daktari Nyongesa, kamwambia hakuna tarehe nyingine.

Jumatatu, 6 Oktoba

Presha 143 kwa 87. Emérence kaimba tangu alfajiri. Emérence ni jirani yangu, Mkongo wa Bukavu, mlango wake unatazamana na wangu. Anauza dagaa sokoni. Mungu wake lazima ni kiziwi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo mwandiko ni mbaya, usomwe hivyo hivyo.

Saa nane mchana wingu lilitoka upande wa ziwa, jeusi, linakuja kama lina shughuli na mimi. Sumayiya yuko shuleni. Nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Kioo nikakifunika kanga. Sufuria nikazitoa mlangoni. Friji nikachomoa, pasi nikachomoa, taa nikazima. Ikabaki mashine.

Sumayiya alinionyesha chini ya meza pana kisanduku cha betri. Umeme ukikatika, betri inaishika mashine dakika kumi, na katika dakika hizo mashine inaambiwa ilale taratibu. Kwa hiyo, Haboba, alisema, wewe usiiguse hata kidogo.

Radi ya kwanza ikapiga Kinawataka, kule bondeni. Niliona dirisha jeupe. Nikapiga magoti, na magoti yangu haya, nikachomoa waya wa ukutani. Kisanduku kikaanza kulia, pii, pii, pii, na kile kilio ndicho kilichonimaliza kabisa. Nikachomoa na ule waya wa katikati, kutoka kisanduku kwenda kwenye mashine. Mngurumo ukakata. Nyumba ikanyamaza, ikabaki mvua.

Nikakaa kitandani na miguu juu, nikasoma kila sura ninayoijua.

Ilipopita nikarudisha waya mmoja mmoja. Mashine ikawaka yenyewe, ikaunguruma kama kawaida. Nikasema haya, hakuna kilichoharibika. Nilipoinua kichwa Emérence alikuwa mlangoni na beseni lake, kaja kuuliza kama nimeanua kanga zake. Sijui alisimama tangu lini.

Jioni Sumayiya alitazama skrini, akaniuliza kama umeme ulikatika.

"Ulikatika," nikasema.

Neno moja tu. Akaitikia, akaenda kula.

Ijumaa, 10 Oktoba

152 kwa 94.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua, radi. Nimechomoa. Zote mbili. Nimesema umeme ulikatika.

Jumapili, 19 Oktoba

Rafiki zake Sumayiya wamekuja, wasichana wawili wa chuo. Wamekula gurusa zangu zote, chapati zetu laini za Kinubi, na asali yote, na mmoja hajui hata kushukuru, anasema tu "ni nzuri, nyabo", kama Waganda wanavyomwita kila mama. Sumayiya naye siku hizi anakula kama nzige kisha anasema hana njaa. Nimemsema mbele yao. Aone haya.

Alhamisi, 23 Oktoba

Radi saa tisa. Nimechomoa. 155 kwa 95.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimechomoa. Emérence alikuwa amekaa kwenye kizingiti chake akichambua dagaa na alinitazama tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilifunga mlango. Mwanamke yule ana macho ya polisi.

Jumatatu, 3 Novemba

Masanduku yote kumi na mawili yamekwisha. Nilimpikia Sumayiya pilau. Hakula.

Namba imetoka kubwa mno. Anasema mabonge yake yamejikusanya kuliko ya watu wote duniani waliowahi kuhesabu. Nikasema si vizuri hivyo? Akasema, "Haboba, ukienda sokoni kila mizani inasema kilo moja, yako inasema kilo mbili, utafurahi?"

Alimpigia Daktari Nyongesa, akaweka sauti ya wote kusikia kwa sababu mikono ilikuwa kwenye kibodi. Yule bwana anaongea polepole, kama anapanga mayai. Alisema ama Sumayiya ameona kitu ambacho hakuna aliyekiona, ama amehesabu vibaya, na yeye angeanza na la pili. Akasema kitu kingine ambacho sikukipenda. Alisema walimu wengine watauliza kama namba imetengenezwa ili ipendeze.

Sumayiya alikata simu akakaa vile vile. Mtoto wangu, anaitwa mwongo.

Alhamisi, 6 Novemba

Amelipata tatizo, au nusu yake. Amenieleza wakati nakata vitunguu, na nashukuru vilikuwa vitunguu.

Mashine inapohesabu, kila jozi inaandikwa. Ikilala taratibu inaweka alama ilipofikia. Ikizimika ghafla, puu, alama haiwekwi, na ikiwaka inarudi nyuma, inahesabu tena jozi ilizokwisha kuandika, na inaziandika mara ya pili. Jozi moja inakuwa mbili. Ndiyo maana mabonge yanaonekana yamebanana. Hayajabanana. Yamehesabiwa mara mbili.

"Kwa hiyo kisanduku cha betri hakifanyi kazi," akasema. "Umeme ukikatika hakiishiki mashine. Na umeme hapa umekatika mara ngapi tangu Septemba? Ishirini? Sijui ni masanduku gani mabovu na gani mazima, Haboba. Kumbukumbu za mashine nilizifuta nilipoisafisha wiki iliyopita, kwa ujinga wangu."

Nikaendelea kukata.

Kisanduku ni kizima. Kila umeme ulipokatika wenyewe nilikisikia kikilia, na mashine ikalala vizuri. Mara nne ndiyo ilikufa ghafla. Mara nne ni mimi.

Nilifungua mdomo. Nikasema chumvi imekwisha.

Jumamosi, 8 Novemba

160 kwa 98. Nesi amenipigia kelele. Sumayiya amekifungua kisanduku cha betri sakafuni, skrubu kila mahali. Anajisemesha. Hakuna anachokipata kwa sababu hakuna kitu cha kupata. Nilimletea chai, nikasimama nayo, nikaondoka nayo.

Naogopa nini? Nijiulize mwenyewe, hapa hakuna mtu. Naogopa atahama. Rafiki yake mmoja ana chumba Nsambya na kila wiki anamwita. Nitabaki na Emérence na nyimbo zake. Hilo la kwanza. La pili naogopa sura yake atakaponitazama. Tangu ana miaka mitatu kila nililomwambia amelichukua kuwa kweli.

Jumatatu, 10 Novemba

Hili naliandika lote.

Asubuhi Sumayiya alikirudishia kisanduku, akaweka mashine ihesabu kitu kidogo cha majaribio. Akasema akitoka chuoni saa kumi na mbili ataangalia. Umeme ukikatika mchana na mashine ikalala vizuri, basi kisanduku kipo sawa na itabidi atafute kosa kwingine. Ikifa ghafla, basi ni kisanduku, masanduku yote kumi na mawili hayaaminiki, na siku za kuyarudia hazipo, siku thelathini na sita zinahitajika na zimebaki ishirini na tano. Atajiondoa. Alilisema hilo akifunga kamba za viatu, sauti ya kawaida, kama mtu anayesema atapitia sokoni.

Kwa hiyo nilijua. Mtu asije kusema sikujua.

Saa saba na nusu wingu likaja. Nikajiambia, Rukiah, leo kaa. Nikakaa kwenye kiti cha mbali, mikono nimeikalia. Kioo nimefunika. Radi ikapiga Banda, mbali. Nikahesabu. Ikapiga tena, karibu. Mabati yakalia. Ile taa nyekundu ya mashine inaniangalia. Radi ya tatu ilipiga hapa juu kambini kwa askari, ule mwanga na ule mshindo vikaja pamoja, na harufu ile nikaisikia, harufu ya waya uliochomwa, naijua harufu ile tangu nina miaka kumi na moja.

Sikumbuki kunyanyuka. Nakumbuka nipo sakafuni na waya zote mbili mkononi, na mashine imenyamaza.

Nilizirudisha haraka, kama mwizi.

Jioni Sumayiya alitazama skrini kwa muda mrefu. Hakuniuliza kama umeme ulikatika. Alisema tu, "Ni betri."

Na mimi nikasema, "Pole."

Jumatano, 12 Novemba

Ameandika barua ya kujiondoa. Nimeiona mezani, ameikunja vizuri. Ataipeleka Ijumaa.

Emérence kaniingilia jikoni bila hodi. Nilikuwa tayari kumtukana. Akaweka sahani ya dagaa, akakaa kwenye kigoda changu, sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo.

"Mama Rukiah, mutoto analia. Ameenda nyuma ya choo, analia kule, hapana taka weye usikie. Miye nilikuona na zile nyaya. Sikusema kitu, haiko nyumba yangu. Kesho nikikuta angali analia, nitasema."

Nikamwambia hayamhusu. Akasema ndiyo, hayamhusu, akaondoka, dagaa akaniachia.

165 kwa 100.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimesema.

Nilingoja arudi, avue viatu, anywe maji. Nikamwambia kaa. Akakaa. Nikamwambia betri ni nzima, mimi ndiye nilikuwa nachomoa.

Hakuelewa. Akasema, unachomoa nini? Nikamwonyesha, nikapiga magoti mbele yake nikamwonyesha, huu na huu, radi ikija. Tangu tarehe tisa Oktoba. Jumatatu pia. Uliponiuliza umeme ulikatika nilikudanganya.

Akawa mweupe midomo.

"Ulinitazama nikiifungua hiyo betri wiki nzima," akasema. "Uliniletea chai."

Nilisema ndiyo.

Sijawahi kumweleza mtu, hata babu yake aliyenioa sikumweleza, lakini nikamweleza yeye. Nilikuwa na mdogo wangu, Zuleika. Baba alikuwa na redio, mtu wa kwanza katika nyumba zile za askari, na waya mrefu wa antena umekwenda mpaka kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Mama alisema mvua ikija mmoja wenu akaung'oe ule waya kutoka kwenye redio. Siku ile mvua ilikuja, mama akaita kutoka jikoni, Rukiah, waya. Mimi nilikuwa nasukwa nywele. Nikasema nakwenda. Nikasema tena nakwenda. Zuleika alikuwa amekaa chini anaegemea meza ya redio, anakula muhogo. Ana miaka sita. Sikwenda. Radi ikaingia na ule waya. Hiyo ndiyo habari yote. Sikwenda.

Hivyo ndivyo nilivyomweleza Sumayiya. Sikumwambia ili anihurumie, nikamwambia hivyo hivyo, usinihurumie, kosa ni kosa. Nilitaka tu ajue mikono yangu haikufanya kwa ubaya wala kwa kupuuza kazi yake.

Akafuta uso. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Siku gani? Unazikumbuka siku zenyewe?"

Kukumbuka, sikumbuki. Lakini nimeandika. Nikasema nitakusomea. Akasema, "Nipe nisome mwenyewe, Haboba. Nahitaji na saa."

Nilishika daftari hili kifuani. Humu nimemwita nzige. Humu nimewasema rafiki zake. Humu kuna presha zangu ambazo nilimwambia ni nzuri. Humu kuna ile tarehe sita, nilivyosema chumvi imekwisha.

Nikampa.

Alisoma pale pale sebuleni na kalamu nyekundu mkononi. Mimi nilikaa jikoni nikisikia karatasi zinavyogeuka. Kuna mahali alisita, sijui ukurasa gani. Saa nzima. Aliponirudishia alikuwa ameandika kwenye kikaratasi: 9, 16, 23, 29. Masanduku manne kati ya kumi na mawili. Ile kazi ya majaribio ya Jumatatu haihesabiki.

"Manne ni siku kumi na mbili," akasema, si kwangu, kwa kikaratasi. Kisha akachukua begi lake akaenda kulala Nsambya.

Barua kaiacha mezani. Sijaigusa. Sijui maana yake.

Ijumaa, 14 Novemba

Hakurudi. Presha sikupima.

Jumamosi, 15 Novemba

Hakurudi. Emérence kaniletea uji. Nimeunywa.

Jumapili, 16 Novemba

Amerudi adhuhuri. Barua ameichana mbele yangu vipande vinne, akaitia kwenye jiko. Salamu alinipa, maneno hakunipa. Amekaa kwenye mashine mpaka Magharibi, akaandika upya ile sehemu ya kuhesabu, ili hata ikifa ghafla isirudie jozi. Masanduku manne yanaanza kesho, yatakwisha tarehe ishirini na tisa. Kwa siku hizo hakuna nafasi ya kupoteza hata nusu, kila kuzimwa kunakula saa.

Nikamwambia ipeleke mashine Nsambya. Nilimwambia kweli, si kwa kununa. Naiogopa mikono yangu, Sumayiya. Jumatatu nilijua na bado nilichomoa. Akasema Nsambya wanakaa wasichana wanne chumba kimoja, mashine itawekwa juu ya kichwa cha nani?

Kisha akasema, bila kunitazama, "Mimi kazini siwezi kuacha. Utakuwa wewe na yeye tu."

Yeye, yaani mashine.

Alhamisi, 20 Novemba

Naandika huku inanyesha. Nikiandika mkono wa kulia una kazi. Wa kushoto ameushika Emérence.

Nilimwita mwenyewe. Wingu lilipotokea nilivuka ua nikamwambia njoo ukae na mimi, sitaki mahubiri. Amekuja na dagaa wake na rozari. Kioo nimefunika, hilo Sumayiya hakukataza. Friji nimechomoa. Mashine inaunguruma.

Radi, Kinawataka. Emérence anasema Maria. Mimi nasema Ayatul Kursiyu. Tunakwenda sambamba, nani atasikilizwa kwanza sijui.

Radi. Karibu. Nilisimama. Akanivuta nikakaa. Ana mkono mgumu, wa kubeba magunia. Nikamwambia niache, akasema siache.

Nimemuuliza yeye haogopi? Kasema radi haogopi, anaogopa mlango ukigongwa kwa nguvu. Kule kwao, vitani, ni mlango. Wiki nzima baada ya kufika Kampala alilala na meza imezuia mlango, na aliyegonga alikuwa mimi, nikimwambia apunguze kuimba. Sikujua. Miaka minane sikujua.

Radi kubwa. Sijui niandike nini. Umeme umekatika. Wenyewe. Kisanduku kinalia, pii, pii, mimi nimelishika hili daftari, Emérence kanishika mimi, mashine inapunguza mngurumo, inapunguza, imelala. Imelala yenyewe. Sikuigusa.

Nimekojoa kidogo. Liandikwe nalo, kwa kuwa nimesema naandika kweli.

Saa tisa na dakika arobaini umeme umerudi. Mashine imewaka.

Jioni

Sumayiya ametazama skrini. Nimemwambia saa ulipokatika na saa uliporudi. Ameziandika. Kisha amekula, sahani mbili, na nimefunga mdomo wangu.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua bila radi. 150 kwa 92. Nimempelekea Emérence gurusa. Kasema zina sukari nyingi. Hajui kula.

Jumatano, 26 Novemba

Radi. Emérence yuko sokoni. Nimejifunga mikono kwa kanga mwenyewe, kwa meno, nikakaa. Sikuchomoa.

Jumamosi, 29 Novemba

Yamekwisha manne. Namba imeshuka, imekaa pale zilipo za wenzake. Anasema si kitu cha ajabu tena, ni namba ya kawaida tu, na akaanza kulia kwa furaha. Miaka miwili anatafuta namba ya kawaida. Wasomi wana mambo yao.

Jumanne, 2 Desemba

Mashine imerudi chuoni. Sebule imekuwa kubwa. Cherehani sijairudisha.

Sumayiya amenieleza kuwa siku ya Ijumaa lazima aseme mbele yao kwa nini namba ya kwanza ilikuwa kubwa, maana Daktari Nyongesa na wenzake waliiona. Anaweza kusema hitilafu ya umeme, hakuna atakayeuliza zaidi. Ila hitilafu ya umeme si kweli. Anauliza nataka asemeje.

Nilikuwa na hofu nyingine, mpya. Watu wenye miwani, wamekaa mstari, wanacheka mwanamke wa Mbuya asiyejua kitu anayepigana na radi. Na wakimcheka yeye kwa ajili yangu?

Nikamwambia sema ni bibi yangu. Taja na jina. Na waambie tarehe ziliandikwa.

Akaniuliza kama nitakuja. Nikasema nyonga inauma. Nyonga haiumi.

Ijumaa, 5 Desemba

Ameondoka saa moja, gauni la buluu, nimemwambia kola imekaa vibaya, haikuwa imekaa vibaya. Anasimama saa nane.

Saa nane kasorobo wingu. Mwezi wa kumi na mbili, wakati mvua inapaswa kuwa imekwenda zake. Kioo, friji, pasi, nimemaliza. Nikatafuta kitu kingine cha kuchomoa na hakipo. Emérence yuko sokoni. Nimegundua kwamba hofu isiyo na kazi ni mbaya kuliko ile ya kushikilia waya. Nimezunguka nyumba kama kuku. Nikawa namwona Sumayiya akilini amesimama mbele yao, na mmoja wao anauliza, huyo bibi yako amesoma mpaka wapi?

Saa tisa radi ilikuwa juu ya paa. Nilikuwa kitandani, miguu juu.

Simu ikalia.

Simu wakati wa radi haishikwi. Nimewafundisha hivyo wanangu, nimemfundisha yeye, nimempiga kofi kwa hilo akiwa darasa la sita. Ipo juu ya meza, sebuleni, inawaka, inatambaa yenyewe. Jina lake. Dirisha jeupe. Ikakata. Nikashukuru. Ikalia tena.

Anajua mvua inanyesha. Huko chuoni na hapa ni wingu moja. Anajua mimi nilivyo, amesoma daftari, na bado anapiga.

Nilishuka kitandani. Kutoka chumbani mpaka mezani ni hatua tisa, nilizihesabu. Mshindo ukaja nikiwa hatua ya sita, nikajiinamia, nikasimama tena. Niliishika simu kwa kanga, kama sufuria ya moto, nikaiweka sikioni.

"Haboba," akasema. Nyuma yake watu wanaongea. "Wamenipitisha. Niliwaambia yote. Mmoja aliniuliza nimejuaje siku zenyewe, nikamwambia bibi yangu aliandika. Akasema angependa wanafunzi wake waandike hivyo. Haboba? Upo? Umeshika simu na radi hii?"

Radi ikapiga, kambini, sakafu niliisikia kwenye nyayo. Sikuiweka simu chini.

Nikamwambia, "Sema tena. Pole pole, tangu mwanzo."